Kitale hadi Bungoma: Umbali Mmoja, Njia Tatu

Kutoka Kitale hadi Bungoma, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 70. Kitale iko mashariki mwa Mlima Elgon, karibu meta 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko kusini mwa mlima huo, chini zaidi kwa meta 500 hivi. Urefu wa safari kati ya miji hii, hata hivyo, umetegemea chombo anachopanda msafiri.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, iliiacha mbali nchi hii ya kaskazini. Walowezi waliokwenda Uasin Gishu na Trans Nzoia walishuka Londiani, wakapakia mizigo kwenye magari ya kukokotwa na maksai na kukabili matope.

Reli mpya kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924. Kutoka hapo ilielekea magharibi kupitia Turbo, Webuye (enzi hizo Broderick Falls) na Bungoma, hadi ikaingia Kampala mwaka 1931. Kitale ilipata tawi lake mwaka 1926, lililochepuka Leseru, ng'ambo kidogo ya Eldoret. Tawi hilo lilikusudiwa kusafirisha mahindi na mazao mengine ya mashamba ya walowezi hadi bandari ya Mombasa, wala si kuunganisha majirani. Ndiyo maana abiria wa Bungoma aliyepanda garimoshi Kitale alielekea kwanza kusini mashariki, akavuka Mto Nzoia penye mji unaoitwa sasa Moi's Bridge. Baada ya kilomita 65 hivi alifika Leseru, na Bungoma ilikuwa bado mbali karibu sawa na alipoanza. Safari nzima ilizidi kilomita 130.

Barabara ndiyo iliyoukata mzunguko huo. Njia ya lami hutoka Kitale, ikapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha ikashika barabara kuu ya Malaba hadi Bungoma. Jumla ni kati ya kilomita 80 na 90, mwendo wa saa mbili hivi kwa matatu. Muda wa kusubiri stejini ni hesabu nyingine, kwa kuwa gari haliondoki mpaka lijae. Magarimoshi ya abiria ya Kitale yalikoma miaka mingi iliyopita.

Angani, ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingemaliza kilomita hizo 70 kwa dakika 14. Lakini ukiongeza safari ya kwenda uwanjani, ukaguzi na kusubiri kuruka, matatu ingekuwa imeshapita Webuye. Faida ya ndege huonekana kwenye masafa marefu: Kitale hadi Nairobi ni kilomita 325 hivi angani, mwendo wa takriban saa moja, ilhali kwa barabara ni karibu kilomita 380, safari inayokula sehemu kubwa ya siku.