Njia ya Kibati: maua ya juu ya Nyiragongo
Njia ya kupanda volkano ya Nyiragongo inaanzia Kibati, kaskazini mwa Goma, na kufika mita 3470. Chini ni pori, halafu mawe ya lava ya 2002, yale yenye kukata viatu. Karibu na kileleni, kwenye baridi kali, ndipo kuna maua yenyewe: lobelia, na senesio zinazopita kimo cha mtu. Wengi wa Goma hawajayaona, ingawa mlima wanauangalia kila siku. Baada ya mlipuko wa 22 Mei 2021 na vita vilivyofuata, wageni waliacha kupanda, na vijana wa Kibati waliokuwa wakiwabebea mizigo walikosa ile kazi. Kujiendea bila mlinzi wa hifadhi si ujanja: mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, haina harufu, nayo hukaa mabondeni.