Nyota ya mamajusi na fumbo la tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu

KILA ifikapo Desemba 25, makanisa ya jiji la Nakuru na miji jirani, kuanzia Naivasha hadi Molo, hufurika waumini wanaoadhimisha kuzaliwa kwa Yesu Kristo. Siku iyo hiyo wapo wengine, wakiwemo Mashahidi wa Yehova, wanaokaa kando ya sherehe hizo kwa hoja kwamba Biblia haitaji tarehe.

Kuhusu tarehe yenyewe, hakuna ubishi. Injili zote nne hazitaji siku wala mwezi aliozaliwa Yesu. Pengo hilo limewapa wanajimu mwanya wa kutafuta jibu angani, na hapo ndipo penye haja ya kutenganisha yanayofahamika na yanayokisiwa.

Mwaka wenyewe

Mathayo anaeleza kuwa Yesu alizaliwa wakati wa Mfalme Herode. Wanahistoria wengi wanakubaliana kuwa Herode alifariki mwaka wa 4 Kabla ya Kristo (KK). Mwanahistoria Myahudi, Josephus, aliandika kwamba kifo hicho kilitanguliwa na kupatwa kwa mwezi, na hesabu za wanaastronomia zinaonyesha kuwa mwezi ulipatwa Machi 13 mwaka huo.

Inakuwaje basi Kristo azaliwe kabla ya Kristo? Kosa ni la kalenda. Mtawa Dionysius Exiguus, aliyeanzisha hesabu ya miaka tunayoitumia mnamo 525, alikosea kwa miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo, wataalamu wengi huweka kuzaliwa kwa Yesu kati ya mwaka wa 7 na wa 4 KK.

Hata hivyo, Luka anataja hesabu ya watu iliyofanywa Kirenio alipotawala Shamu, nayo historia huiweka mwaka wa 6 Baada ya Kristo. Wasomi hawajapata njia ya kupatanisha taarifa hizo mbili inayokubaliwa na wote.

Desemba 25 ilitoka wapi?

Karibu na mwaka wa 200, Klementi wa Aleksandria aliandika kwamba baadhi ya Wakristo waliitaja siku inayolingana na Mei 20, na wengine siku za Aprili. Desemba 25 inaonekana waziwazi katika kalenda ya Roma ya mwaka wa 354, ambayo wataalamu wanaamini ilitumia kumbukumbu za 336.

Kuna maelezo mawili makuu. La kwanza ni kwamba kanisa liliiweka siku hiyo ili kushindana na sikukuu ya Jua Lisiloshindwa, mungu aliyejengewa hekalu Roma na Kaisari Aurelian mnamo 274. La pili ni kwamba Wakristo wa kale waliamini Yesu alitungwa mimba Machi 25, wakahesabu miezi tisa.

Nao Wakristo wa Ethiopia na Wakopti huadhimisha Krismasi Januari 7, kwa kuwa wanafuata kalenda tofauti.

Nyota gani?

Mathayo peke yake ndiye anayesimulia habari za mamajusi kutoka mashariki walioongozwa na nyota. Mamajusi walikuwa wasomi wa nyota, na zama hizo unajimu na astronomia vilikuwa elimu moja.

Mwanaastronomia Mjerumani Johannes Kepler alitazama sayari za Mshtarii (Jupita) na Zohali zikikaribiana mwishoni mwa 1603. Mwaka uliofuata ikazuka nyota mpya angani. Alipopiga hesabu kurudi nyuma, alikuta kwamba mwaka wa 7 KK sayari hizo zilikaribiana mara tatu katika buruji ya Hutu, yaani Samaki. Kepler hakudai kwamba mkutano huo ndio nyota yenyewe, bali aliuona kuwa utangulizi wa nyota mpya.

Wengine wametaja nyota iliyoandikwa na Wachina mwaka wa 5 KK, iliyoonekana kwa zaidi ya siku 70. Naye Mmarekani Michael Molnar alipendekeza Aprili 17 mwaka wa 6 KK, siku ambayo Mshtarii ulifunikwa na mwezi katika buruji ya Hamali, yaani Kondoo.

Wakazi wa Bonde la Ufa waliotazama magharibi baada ya jua kutua Desemba 21, 2020 wanaweza kukisia mamajusi waliona nini. Jioni hiyo Mshtarii na Zohali zilikaribiana kuliko wakati wowote tangu 1623. Lakini mwaka wa 7 KK pengo kati yao lilikuwa takriban upana wa mwezi mara mbili, kwa hivyo hazikuonekana kama nyota moja. Isitoshe, hakuna sayari inayosimama juu ya nyumba moja, kama Mathayo anavyosimulia.

Hesabu ya kinyumenyume

Mnajimu hudai siku, saa na mahali pa kuzaliwa kabla ya kutoa utabiri. Bila hayo, hana pa kuanzia. Mtaliano Gerolamo Cardano alichapisha falaki ya Yesu mnamo 1554 kwa kutumia Desemba 25, tarehe isiyo na uthibitisho. Mnamo 1570 alikamatwa na mahakama ya kanisa, na falaki hiyo hutajwa miongoni mwa sababu.

Wengine huanzia mwisho: huchukua maisha ya Yesu yanayojulikana, kisha hutafuta siku ambayo nyota zinalingana nayo. Kwa njia hiyo jibu halikosekani, maana swali limekatwa kwa kipimo cha jibu.

Mtakatifu Augustino, aliyefuata wanajimu ujanani, alitumia mfano wa Esau na Yakobo kuwapinga. Pacha hao walizaliwa kwa kufuatana, lakini maisha yao yalitofautiana kabisa.

Funzo la Bonde la Ufa

Kutojua tarehe ya kuzaliwa si jambo geni hapa. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ya 1928 haikuenea nchi nzima hadi 1971. Kabla ya hapo, familia nyingi zilikumbuka njaa, nzige au vita. Wakalenjin walihesabu kwa marika kama Maina, Chumo, Sawe na Nyongi, ambapo rika moja huchukua takriban miaka 15.

Rais mstaafu Daniel arap Moi alipofariki Februari 4, 2020, kumbukumbu rasmi zilisema alizaliwa Septemba 2, 1924, hivyo alikuwa na umri wa miaka 95. Mwanawe Raymond, aliyekuwa Mbunge wa Rongai, alisema familia ilikadiria kuwa alikuwa amepita miaka 100. Moi alizikwa Kabarak, Nakuru, bila mjadala huo kumalizika.

Aidha, wazee wengi waliandikiwa Januari 1 na makarani waliokosa tarehe kamili. Kwa wanajimu, Januari 1 iko chini ya buruji ya Jadi, yaani Mbuzi, sawa na Desemba 25. Maana yake ni kwamba umati wa wazee umepewa nyota moja, na aliyewapa ni kalamu ya karani. Mtu atakayelipa fedha ili asomewe nyota ya mzee wake anafaa kujiuliza kwanza tarehe hiyo ilitoka wapi.

Hakuna anayetilia shaka kwamba wazee hao walizaliwa, na wala hawapungukiwi heshima kwa kukosa tarehe. Wanahistoria walio wengi wanasema vivyo hivyo kuhusu Yesu: kwamba aliishi ni jambo linalokubalika, lakini siku aliyozaliwa haijulikani. Kwa waumini, Desemba 25 ni siku ya kukumbuka tukio, na kanisa halikuhitaji cheti cha kuzaliwa ili kuiadhimisha.