Kifaru kilichozikwa Flesquières



Mwezi uliopita, siku ya kupima mipaka ya parseli, kijana mmoja alimkatiza mama mzee: «Karatasi iko wapi?» Mama hakuwa na karatasi. Alichokuwa nacho ni mwembe uliokatwa wakati wa vita, na kaburi la mume wake nyuma ya nyumba isiyokuwepo tena. Wengine wakacheka. Sisi tuliandika maneno yake yote, na jioni tukawasimulia vijana wa komite habari ya kifaru kimoja cha Ufaransa.

Tarehe 20 Novemba 1917, Waingereza walishambulia karibu na mji wa Cambrai kwa vifaru vingi, zaidi ya 400. Kimoja kiliitwa Deborah, namba D51, aina ya Mark IV, na ndani watu 8. Kilifika hadi kijiji cha Flesquières, kiisha mizinga ya Wajerumani ikakipiga. Watu 5 walikufa palepale. Kamanda wao, Frank Heap, akawarudisha waliobaki kwa miguu. Baadaye kifaru kikasukumwa ndani ya shimo, kikafanywa kimbilio la mabomu. Vita ikaisha, udongo ukafunika, watu wakalima juu yake.

Miaka 80 hivi ikapita. Philippe Gorczynski, mwenye hoteli pale Cambrai na mpenzi wa historia, alikuwa anauliza-uliza kijijini. Mama mmoja mzee akamwambia: nilipokuwa msichana niliona kifaru kikiingizwa katika shimo. Basi! Maneno ya mtoto wa zamani, bila karatasi.

Lakini Gorczynski hakuishia pale (na hapa ndipo tulipowakazia vijana, juu hata wazee wanasahau). Alitafuta picha zilizopigwa kutoka angani, akaleta vyombo vya kunusa chuma chini ya udongo. Kazi ilimchukua karibu miaka 6. Novemba 1998 wakachimba, na kifaru kilikuwa pale. Mark IV zilitengenezwa zaidi ya 1,200, na leo zimebaki chache sana duniani.

Hawakukitengeneza kiwe kipya. Matundu ya mizinga bado yanaonekana, na ule ubavu uliopasuka umeachwa vilevile. Kwa miaka mingi kilikaa ndani ya ghala la mkulima, hadi mwaka 2017 makumbusho yake yalipofunguliwa palepale kijijini. Yamejengwa kando ya makaburi ya askari, na wale 5 wamelala humo, kila mmoja na jina lake. Kabla ya hapo, nani alijua kwamba wafu wale na chuma kile ni kitu kimoja?

Yule kijana alinyamaza kidogo, kiisha akauliza kama mwembe ukikatwa, kisiki kinaoza kwa miaka mingapi. Hatukuwa na jibu. Jumanne tunarudi pale pamoja na mama na shefu wa kijiji. Jembe ataleta yeye mwenyewe.