Triko, blauzi na baloti: jinsi nguo ya mama inavyopata jina kwenye duane

Lubumbashi – Kabla blauzi ya triko haijapata bei sokoni, inapata kwanza namba kwenye duane ya Kasumbalesa, kilometa karibu 90 kutoka mjini. Namba ya nguo za triko inaanza na 61. Wamama wengi wanaouza nguo hizo hawajaiona hata siku moja, na bado wanailipia.

Historia ya malipo hayo ni ndefu kuliko mji wenyewe. Mkutano wa Berlin wa mwaka wa 1885 ulikataza ushuru kwa mali iliyoingia katika bonde la Kongo. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1890, Brussels wakaruhusu ushuru, ila usipite 10 kwa mia ya thamani ya mali. Reli kutoka kusini ilipofika Elisabethville mwaka wa 1910, nguo zikafika na behewa. Na mali ilipokuwa inatozwa kwa thamani yake, neno zito kwenye karatasi lilikuwa moja: ni ya franga ngapi?

Leo maneno ni mengi. Tangu mwaka wa 1988 nchi nyingi za dunia zinapanga mali kwa orodha moja, na duane ya Kongo nayo inaifuata. Ndani ya orodha hiyo, sura ya 61 ni ya nguo za triko, yaani kitambaa cha vitanzi kinachovutika kama sweta. Sura ya 62 ni ya nguo za kitambaa ambacho nyuzi zake zinapishana, kama kikwembe. Gauni na sketi za triko za mama ziko kwenye 6104, blauzi 6106, sweta 6110.

Hapo ndipo mambo yanakuwa madogo-madogo. Blauzi yenye mifuko chini ya kiuno si blauzi tena kwa 6106. Ikiwa na mpira wa kubana kule chini, inatoka pia. Hata vitanzi vinahesabiwa: vikiwa chini ya 10 kwa sentimeta moja, inahamia kwingine. Vifungo navyo vinasema. Upande wa kulia ukilala juu ya wa kushoto, nguo ni ya mama; kinyume chake, ni ya baba. Na kama haijulikani ni ya nani, sheria inaiandika ya mama. Walioandika hivyo walikuwa na sababu zao. Sokoni Lubumbashi wangechekwa.

Lakini mtu asidanganyike kwamba vitanzi peke yake ndivyo vinapandisha bei. Nguo za kuvaa ziko kwenye daraja la juu la ushuru wa Kongo, 20 kwa mia, ziwe za mama au za baba. Juu yake kuna TVA ya 16 kwa mia, iliyoanza mwezi wa kwanza 2012, na hiyo inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Nguo za dolari 1.000 zinalipa 200, halafu 192. Jumla 392, kabla ya malipo mengine ya njia.

Penye moto ni kati ya mpya na mtumba. Mtumba una namba yake, 6309, na masharti mawili: nguo zionekane wazi kwamba zimevaliwa, na zifike kwa wingi, ndani ya baloti au magunia. Sweta mpya iliyofichwa katikati ya baloti haina haki ya namba hiyo. Inarudi 6110, na thamani yake si ile ya mtumba.

Mpaka huu umewahi kugeuka. Wakati wa ukoloni, mitumba ilitoka Elisabethville ikavuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Leo Zambia wanaiita salaula, kuchagua ndani ya lundo, na malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam yanapita kwao kuja huku. Kalemie nako Filtisaf ilikuwa inatengeneza kitambaa cha nchi. Kimya cha mashine zile kimeipa baloti nafasi.

Familia zilizokimbia vita na kufika Lubumbashi mikono mitupu zinavaa kutoka kwenye lundo hilo. Mama aliyehama akianza biashara kwa vipande kumi, ananunua kwa mwenye stoo, ushuru ukiwa tayari ndani ya bei. Wengine wanachanga mzigo mmoja, gurupaje, na karatasi ya duane inabeba jina la mtu mmoja tu. Sweta za mmoja zikiandikwa vibaya, mzigo wote unabaki Kasumbalesa, na wenzake wanangoja bila kujua ni vitanzi, ni vifungo, au ni sweta tatu mpya katikati ya baloti. Mwenye karatasi anaweza kuulizwa: namba gani iliandikwa, na kwa thamani gani?