Misaada ya Vifaa Tiba Wakati wa Milipuko ya Magonjwa: Mambo ya Kufahamu

Ugonjwa wa mlipuko unapoikumba nchi, Serikali yake hupokea dawa, chanjo, vitendanishi na mavazi ya kinga kutoka kwa nchi rafiki na mashirika ya kimataifa. Manufaa ya msaada huo hayapimwi kwa ukubwa wa shehena, bali kwa namna unavyokidhi mahitaji yaliyobainishwa na nchi inayoupokea.

Mfano wa Rwanda

Tarehe 27 Septemba, 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg, ambao haukuwa na chanjo wala tiba iliyoidhinishwa. Tarehe 5 Oktoba, takriban dozi 700 za chanjo ya majaribio ziliwasili Kigali zikiwa msaada wa Taasisi ya Chanjo ya Sabin ya Marekani, na uchanjaji ulianza siku iliyofuata. Wahudumu wa afya walipewa kipaumbele, kwa kuwa ndio waliokuwa wengi miongoni mwa walioambukizwa. Kampuni ya Gilead nayo ilitoa dawa ya remdesivir kwa ajili ya wagonjwa.

Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba, 2024, watu 66 wakiwa wameugua na 15 kufariki dunia. Katika milipuko ya Marburg iliyotangulia, kwa wastani takriban nusu ya wagonjwa walipoteza maisha. Huduma makini kwa wagonjwa mahututi nayo ilichangia matokeo hayo.

Msaada usiofaa

Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1988, Armenia ilipokea takriban tani 5,000 za dawa na vifaa tiba. Watu 50 walitumia miezi sita kuvichambua, na sehemu kubwa ya dawa hizo haikuhitajika katika dharura hiyo.

Kutokana na matukio ya aina hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996, uliohuishwa mwaka 1999 na 2010. Kwa mujibu wa mwongozo huo:

• msaada utokane na mahitaji halisi na ridhaa ya nchi inayopokea;
• dawa isiyokubalika kwa ubora katika nchi ya mtoaji isitolewe kwa nchi nyingine;
• dawa ibakiwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi inapowasili, isipokuwa kwa makubaliano maalumu;
• lebo iwe katika lugha inayoeleweka kwa wataalamu wa nchi husika.

Umuhimu kwa Tanzania

Mkoa wa Kagera ulikumbwa na Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Nchini, udhibiti wa ubora na usalama wa dawa na vifaa tiba, ikiwemo vya msaada, ni jukumu la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ilhali Bohari ya Dawa (MSD) huhifadhi na kusambaza bidhaa za afya kwa vituo vya umma. Mtu au taasisi inayokusudia kutoa msaada inashauriwa kuwasiliana na mamlaka husika kabla ya kusafirisha shehena, ili kinachowasili kiwe ndicho kinachohitajika.