Njia ya Mfereji: Matembezi Mepesi na Watu wa Strokestown

Katika nchi ya Ayalandi mtu anayetaka kutembea pasipo kuchoka huelekezwa mara nyingi kwenye ukingo wa maji. Njia ya kando ya Mfereji wa Kifalme, ule utokao jijini Dublin kuelekea magharibi hadi mto Shannon, ina urefu wa karibu kilometa 146, na takriban yote ni tambarare: bibi na mjukuu wake waweza kuifuata saa nzima bila kutweta. Mwezi wa Mei michongoma ya kando huchanua maua meupe. Korongo wa kijivu husimama penye matete akingoja samaki. Wengine huanzia mji mdogo wa Maynooth, penye seminari kubwa iliyofunguliwa mwaka 1795, wakatembea hadi Leixlip na kurudi kwa treni. Wengine huchagua kipande cha Abbeyshrule, ambako magofu ya monasteri ya Wasitersiani yangali yamesimama karibu na mto Inny. Hapo mfereji huuvuka mto huo juu ya daraja la mawe, maji yakipita juu ya maji. Ni mahali pa kupendeza mno.

Wepesi huu una sababu, na sababu yenyewe ni biashara. Kazi ya kuuchimba Mfereji wa Kifalme ilianza mwaka 1790, kwa sururu, koleo na mikono ya vibarua. Kampuni iliyoianza ikafilisika njiani, serikali ikaichukua, na mwaka 1817 mfereji ukaufikia mto Shannon. Mashua za siku zile hazikuwa na injini. Farasi alitembea ukingoni akiwa amefungwa kamba ndefu, akaikokota mashua iliyosheheni makaa, nafaka au unga. Farasi anayekokota mzigo wa namna hiyo hawezi kupanda na kushuka vilima. Ndiyo maana njia yake ilisawazishwa kama sakafu. Pale ardhi ilipoinuka, vilijengwa vyumba vya maji vyenye milango mbele na nyuma, 46 kwa jumla, ambamo mashua huinuliwa au kushushwa hatua kwa hatua kama mtu apandaye ngazi. Anayetembea hapo leo kwa raha anakanyaga mahali pa kwato.

Misitu nayo ina historia yake, na twaomba msomaji atuvumilie tukiigeukia kidogo. Ayalandi ya kale ilifunikwa na miti, hasa mialoni, lakini kufikia mwanzo wa karne ya 20 misitu ilikuwa imebaki kwenye asilimia 1 hivi ya nchi. Kwa hiyo msitu mzuri wa matembezi mara nyingi ni ule uliokuwa ndani ya ukuta wa kabaila, mahali ambapo maskini hakuingia kwa hiari yake. Katika wilaya ya Roscommon, karibu na mji wa Boyle, uko msitu wa Lough Key, ambao leo ni bustani ya watu wote. Zamani ulikuwa mali ya ukoo wa King, wenye jumba la Rockingham. Na hata sasa watembezi huingia katika njia za chini ya ardhi zilizojengwa ili watumishi wapite na mizigo yao bila kuwaharibia wageni mandhari ya ziwa. Jumba liliungua mwaka 1957. Njia za watumishi zimebaki.

Ni katika wilaya hiyo hiyo ya Roscommon, katika mji wa Strokestown, ndipo ilipoanzia safari tunayotaka kuisimulia.

Mwaka 1845 ugonjwa wa kuozesha viazi uliingia Ayalandi. Wakulima wa viazi wa Masisi na Lubero wanaufahamu vema. Ndio ule waitao mildiou. Majani hupata madoa meusi, na baada ya siku chache shamba zima hunuka uvundo. Mkulima mwenye maharagwe, mahindi na ndizi pembeni atalia, lakini atakula. Maskini wa Ayalandi hawakuwa na pembeni. Watu wapatao milioni 3 waliishi karibu kwa viazi peke yake, kwa sababu kipande cha ardhi walichoweza kukodi hakikutosha kuotesha chakula kingine. Nafaka waliyolima ilikuwa ya kumlipa mwenye ardhi. Viazi viliharibika kwa sehemu mwaka 1845, na mwaka 1846 vikaharibika karibu vyote. Nchi iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841 ilibaki na milioni 6 na nusu hivi mwaka 1851. Takriban milioni 1 walikufa, na wengine wasiopungua idadi hiyo wakahama.

Serikali ya Uingereza, iliyoitawala Ayalandi wakati ule, iliona kwamba si vema kumpa mwenye njaa chakula bure. Afadhali avunje mawe kwanza. Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa katika kazi hizo za umma, wengi wao wakitengeneza barabara, baadhi zisizokuwa na mahali pa kwenda. Malipo hayakutosha bei ya unga. Wenye afya dhaifu walianguka kazini. Barabara kadhaa za namna hiyo bado zaonekana magharibi mwa nchi, zikipanda mlima na kukatika ghafla, na watembezi huzifuata kwa ajili ya upepo na mandhari.

Huko Strokestown, Meja Denis Mahon alirithi mwaka 1845 mashamba makubwa yenye madeni makubwa, na wapangaji waliokuwa hawajalipa kodi kwa muda mrefu. Sheria ya maskini ilimdai mwenye ardhi alipe ushuru kwa niaba ya wapangaji wake wadogo kabisa. Kadiri maskini walivyokuwa wengi katika ardhi yake, ndivyo ushuru ulivyozidi. Wakili wake, aliyekuwa pia jamaa yake, alipiga hesabu. Kuwatunza watu hao mwaka mmoja katika nyumba ya maskini kungegharimu karibu mara mbili ya nauli ya kuwapeleka Kanada. Basi wakaambiwa: ondokeni kwa nauli yetu.

Kuna waliomtetea Mahon wakisema kwamba alilipa nauli wakati makabaila wengine walibomoa vibanda tu na kuwaacha watu barabarani. Ni kweli alilipa. Hata hivyo twaona kwamba hesabu ile inatisha zaidi kuliko ukatili wa wazi, kwa maana aliyeifanya hakuwa na hasira na mtu yeyote. Alitafuta njia iliyo rahisi.

Mwezi Mei 1847 watu 1,490 waliondoka Strokestown kwa miguu: wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, vijana wa umri wenu. Msimamizi wa shamba alifuatana nao ahakikishe kwamba wanapanda meli na hawarudi nyumbani. Walivuka Shannon, wakaufikia mwanzo wa mfereji penye kijiji cha Cloondara, na kutoka hapo wakaifuata njia ya farasi kupita Mullingar hadi Dublin. Jumla ya safari yao yakadiriwa kuwa kilometa 165. Michongoma ilikuwa imechanua wakati huo pia.

Yasemwa mara nyingi kwamba waliotembea ukingoni waliziona mashua zilizojaa chakula zikiwapita kuelekea bandarini. Jambo hili linahitaji maneno ya uangalifu. Ayalandi haikuacha kuuza nje nafaka, siagi na mifugo katika miaka ile ya njaa, na mifereji ilikuwa njia kuu ya kupeleka nafaka Dublin. Lakini mwaka 1847 nafaka iliyoingizwa nchini, hasa mahindi kutoka Marekani, ilizidi kwa mbali ile iliyotoka. Chakula kilikuwepo basi, kikienda na kikirudi. Aliyekihitaji hakuwa na fedha za kukinunua. Hatudhani kwamba maelezo haya yanapunguza ubaya wa jambo lenyewe.

Kutoka Dublin walivushwa hadi Liverpool, na huko wakapakiwa katika meli nne: Erin's Queen, Naomi, John Munn na Virginius. Meli hizo zilizoea kubeba mbao kutoka Kanada, na kwa safari ya kurudi huko zilijazwa watu. Homa ya tifasi, iletwayo na chawa, iliingia pamoja nao. Virginius iliondoka na abiria 476; baharini walikufa 158, na wengi wa waliosalia walishushwa wakiwa wagonjwa kwenye kisiwa cha Grosse Île, katika mto Saint-Laurent, ambako wahamiaji walizuiliwa na kupimwa. Katika kisiwa hicho walizikwa watu zaidi ya 5,000 mwaka ule mmoja. Mapadri Wakatoliki waliokwenda kuwapa wagonjwa sakramenti waliambukizwa, na baadhi yao wakafa. Wachungaji Waanglikana vivyo hivyo. Huko Montreal masista waitwao wa Kijivu waliwauguza wahamiaji katika mabanda ya mbao, na saba kati yao wakafa kwa homa hiyo hiyo.

Kati ya watu wa Strokestown alikuwemo mjane Mary Tighe, pamoja na kaka yake na watoto watano. Walisafiri katika Naomi. Waliofika hai ni wawili, Daniel mwenye umri wa miaka 12 na dada yake mdogo Catherine. Familia moja ya wakulima wanaosema Kifaransa katika jimbo la Quebec iliwachukua wote wawili kwa sababu hawakutaka kutenganishwa, ikawalea, na hatimaye shamba likawa la Daniel. Hawakulazimishwa kuacha jina la baba yao. Yatima wengi wa mwaka huo walipokelewa vivyo hivyo na Wakatoliki wa Quebec, ambao wenyewe hawakuwa matajiri.

Habari za vifo ziliporudi Roscommon, hasira ilipanda. Tarehe 2 Novemba 1847, siku ya Marehemu Wote, Mahon alipigwa risasi akiwa garini njiani kurudi nyumbani, akafa. Huko London ilidaiwa, hata bungeni, kwamba Padri Michael McDermott, paroko wa Strokestown, alikuwa amemlaani kutoka altareni. Padri alikana kabisa. Askofu wake, George Browne wa Elphin, hakuridhika na kukana tu. Alikusanya orodha ya familia zilizofukuzwa katika mashamba ya Mahon na kuitangaza: watu zaidi ya 3,000. Watu wawili walinyongwa mwaka 1848 kwa mauaji hayo. Kwa vifo vya melini hakuna aliyeshtakiwa.

Mfereji wenyewe haukudumu sana katika utukufu. Tayari mwaka 1845 kampuni ya reli ilikuwa imeununua, ikitaka kujenga reli kandokando yake, na treni zikachukua mizigo taratibu. Mwaka 1961 ulifungwa rasmi. Maji yalikauka mahali pengi, milango ikaoza, watu wakatupa humo takataka zao. Waliouokoa si serikali kwanza, bali wakazi wa kando yake, ambao tangu miaka ya 1970 walikusanyika siku za mapumziko na koleo zao kuondoa tope na vichaka, kipande baada ya kipande. Mwaka 2010 mashua ziliweza tena kutoka Dublin na kuufikia mto Shannon. Katika kazi hiyo njia ya farasi nayo ilifufuka.

Sasa safari yote kutoka Strokestown hadi Dublin imewekewa alama, ikaitwa Njia ya Kitaifa ya Njaa Kuu. Mahali zaidi ya 30 mtembezi hukuta jozi ya viatu vidogo vya shaba nyeusi, vya mtoto, vimesimikwa juu ya jiwe. Mfano wake ulichukuliwa kutoka viatu halisi vya karne ya 19, vilivyofungwa pamoja na kufichwa katika paa la nyasi la nyumba moja. Tukumbuke tu kwamba watoto maskini wa Ayalandi wakati ule walikwenda peku kwa kawaida. Mwenye viatu alikuwa mwenye bahati, na aliyevificha darini huenda alitumaini kuvirudia. Watu wa makamo huketi karibu na viatu hivyo wakala mkate wao, na watoto huingiza vidole ndani kuona kama kuna kitu.

Njia huishia Dublin, mji uleule ambamo baadaye, mwaka 1921, Frank Duff na wenzake walianzisha Lejio ya Maria ijulikanayo vema katika parokia zetu. Penye gati la mto Liffey ziko sanamu za Rowan Gillespie, zilizowekwa mwaka 1997: watu waliokonda, wamebeba vifurushi, mmoja ana mtoto mabegani, wote wameelekea upande wa bahari. Mbwa mwembamba anawafuata nyuma. Mtembezi aliyefika hapo na mkoba wake huvua viatu kidogo kupumzisha miguu, kisha huuliza ni wapi anaweza kupata treni ya kurudi nyumbani.