Mbachao na Msala: Historia ya Kinasasauti Mpakani

Msomaji, sauti ni mali isiyoshikika. Mpiga adeudeu, kile kinubi cha Wateso, akiinua vidole vyake kwenye nyuzi, wimbo umekwisha. Na akifariki pasipo kuacha mwanafunzi, huenda umekwisha milele. Kwa hiyo kisa cha mashine ya kunasa sauti si cha mafundi peke yao. Ni sehemu ya historia ya watu, nasi tutakitazama kutoka Busia na Malaba, mahali Kenya na Uganda zipeanapo mikono.

Mpaka huo si wa kale sana. Hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza waliikata na kuitia katika himaya ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta kila upande. Mila zao hazikugawanyika. Nyimbo zilivuka bila kuulizwa hati.

Zamani ilimpasa mwimbaji kuifuata mashine. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri. Baadaye mashine nayo ilianza kumfuata mwimbaji. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kenya na mitambo yake, akanasa nyimbo vijijini, mojawapo ikiwa wimbo wa Wakipsigis uitwao Chemirocha. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya kuhifadhi muziki wa Afrika, na maktaba hiyo ingalipo. Katika miaka ya 1960 vijana wengi wa magharibi walikwenda Nairobi kutafuta studio. Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda mwaka 1939 na ambaye asili yake ni magharibi ya Kenya, alirekodi katika studio ya Equator. Na wimbo wake Helule Helule ukaimbwa Uingereza mwaka 1968 na kundi la The Tremeloes.

Kazi ya kurekodi siku hizo ilikuwa na shida yake. Sauti zote zilinaswa kwa pamoja. Ngoma iliwekwa mbali na maikrofoni, mwimbaji akasogezwa karibu. Na mmoja akikosea, wote walirudia tangu mwanzo. Dawa ya shida hiyo ikawa kinasasauti cha mikondo mingi. Ukanda wa sumaku hugawanywa kwa urefu wake kama shamba lenye matuta: gitaa hupandwa katika tuta hili, ngoma katika lile, sauti ya mtu katika jingine, na kila moja huweza kupaliliwa peke yake. Mwaka 1957 Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani, alipokea mashine ya mikondo 8 aliyotengenezewa na kampuni ya Ampex. Ilikuwa kubwa na ya gharama nyingi. Lakini mwaka 1979 kampuni ya Teac ya Japani ilitoa Portastudio, iliyotumia kaseti ya kawaida kwa mikondo 4, na studio ikaweza kuingia chumbani mwa mtu. Kisha, mwaka 1991, ikatangazwa ADAT ya kampuni ya Alesis, iliyoandika mikondo 8 kwa tarakimu katika kaseti ya namna ya video. Leo kazi hiyo hufanywa na kadi ndogo kama ukucha.

Sasa tuseme kijana wa Malaba ana studio nyumbani, na kinasasauti chake cha kaseti kimezeeka: mikanda ya mpira imelegea, kichwa cha kusomea kimelika. Achague kipi badala yake? Kwanza asidanganywe na idadi ya mikondo. Mashine yaweza kuwa na mikondo 8, lakini ikanasa 2 tu kwa wakati mmoja. Mwenye gitaa na sauti yake itamtosha. Kundi la wachezaji waimbao pamoja halitatoshwa. Pili, atazame kama yaweza kutumia betri, kwa kuwa umeme hukatika, na wazee wenye nyimbo mara nyingi wako mbali na mji. Tatu, faili zake ziwe za namna isomwayo na kompyuta yoyote. Mikondo 8 ya wimbo wa dakika 5, ikinaswa kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, huchukua megabaiti 346 hivi, mzigo ambao kadi ya leo huubeba bila taabu. Nne, adai stakabadhi. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, umeondoa ushuru kwa bidhaa zitengenezwazo ndani ya Jumuiya. Mashine itokayo ng'ambo hailindwi na nafuu hiyo.

Lakini swali kubwa kuliko hayo hulifikiri wachache: je, kanda za zamani zitasomwa na nani? Kaseti iliyorekodiwa kwa Portastudio ile ya kwanza ilikwenda kwa kasi maradufu, na mikondo yake yote 4 ilielekea upande mmoja. Itie katika redio ya kawaida: utasikia mikondo 2 tu, nayo ikiburura kama sauti ya zimwi. Igeuze: utasikia ile mingine ikienda kinyumenyume. Kanda ya ADAT nayo ni bubu pasipo mashine yake. Hivyo atupaye kinasasauti kikuukuu siku anunuapo kipya hutupa ufunguo, na nyumba bado imejaa mali.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakukataza msala mpya. Basi, msomaji, ukiwa na kanda za babu yako, tengeneza kwanza mashine ya zamani, hamisha kila mkondo peke yake katika kompyuta, andika jina la mwimbaji, kijiji na mwaka, weka nakala mahali pawili; ndipo ununue kipya. Mashine hununuliwa tena dukani, Busia au Nairobi. Mzee aliyeimba hanunuliwi.